Pauni 2, Shilingi 2 na Peni 7

Mpwa wangu alitangulia kufika juu. Mimi nilikuwa nimechuchumaa katikati ya njia, nikipitisha kiganja kwenye zege, aliponiita: "Mjomba, kumbe kenyewe kafupi hivi!"

Ni kafupi kweli. Kilima cha Majaribio cha Brooklands, karibu na mji wa Weybridge, kusini-magharibi ya London, kina urefu wa mita 107 tu. Lakini waliokijenga mwaka 1909 walijua wanachokitafuta. Kinaanza na mwinuko wa moja kwa nane, ambao gari zima linaupanda bila kunung'unika. Katikati kinakaza, kinakuwa moja kwa tano. Kule juu, ambako injini imeshaanza kuchoka na dereva ameshamaliza gia zake, kinakuwa moja kwa nne: kila mita nne unazokwenda mbele, unapanda mita nzima. Zege lina nyufa na ukungu wa kijani pembeni. Ukishika karibu na kilele unasikia jinsi lilivyolika mahali matairi yalipokuwa yakiserereka yakitafuta pa kushika.

Nimekulia Iringa. Mtu wa Iringa hahitaji kuelezwa mlima ni nini kwa gari. Baba yangu alikuwa na gereji Mlandege, ua wa mabati na mwembe mmoja, na kipimo chake cha kazi iliyokwisha kilikuwa mlima wa Kitonga. Akishafungua injini, akaisafisha, akabadilisha beringi na kuifunga, mwenye gari anafika asubuhi na pesa mkononi: "Fundi, nasikia linaunguruma vizuri, nipe ufunguo." Baba anafuta mikono taratibu kwa tambara na kujibu, "Bado halijaenda mlimani." Linapakiwa mifuko ya mchanga, linateremshwa mpaka Ruaha Mbuyuni, kisha linageuzwa kupanda Kitonga na mzigo wake. Utingo anakaa nyuma na gogo la kuwekea tairi kama breki zitagoma. Mimi nilikuwa nakaa katikati, kati ya Baba na mwenye gari, nikimwangalia Baba ambaye haangalii barabara tu. Anasikiliza. Mara nyingine alisimamisha gari ukingoni, akafungua boneti injini ikiwa inazunguka, akaweka ncha ya bisibisi kwenye bloku na mpini wake sikioni, macho amefumba.

Ni kwa ajili ya bisibisi ile nilivuka bahari. Nilitaka kuona mahali ambapo watu wa mwanzo kabisa wa kazi hii walijifunza kulipeleka gari mlimani kabla ya kumpa mteja ufunguo. Mpwa wangu ni dereva wa basi Manchester, aliomba siku nne za likizo, na safari yetu ikaanzia nyumbani kwake.

Manchester ilitupokea kwa manyunyu. Tulipita kwa miguu mpaka Midland, hoteli ya matofali mekundu iliyofunguliwa mwaka 1903, ambako tarehe 4 Mei 1904 watu wawili wasiofanana kwa lolote walikula chakula cha mchana pamoja. Charles Rolls alikuwa na miaka 26, mtoto wa bwana mkubwa, msomi wa Cambridge, mwenye duka la kuuza magari ya kutoka nje pale London. Henry Royce alikuwa na miaka 41. Alizaliwa mwaka 1863 katika kijiji cha Alwalton, akafiwa na baba akiwa na miaka 9, akauza magazeti, akapeleka simu za maandishi mlango kwa mlango. Shangazi yake alimlipia ada ya kujifunza ufundi kwenye karakana ya reli ya Peterborough, lakini pesa ziliisha kabla ya mafunzo kuisha. Mpaka alipokuwa tajiri mwenye jina, alipoulizwa kazi yake alijitambulisha kuwa ni fundi makanika. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza niliisoma mara tatu.

Kutoka Midland tulielekea Hulme, ambako karakana yake ilikuwa mtaa wa Cooke Street. Mtaa wenyewe haupo. Hulme imebomolewa na kujengwa upya zaidi ya mara moja, na sasa ni nyumba nadhifu za matofali, vibaraza vidogo, baiskeli zilizofungwa kwenye nguzo. Kilichobaki ni jina kwenye kibao: Royce Road. Tulisimama chini ya kibao hicho huku mpwa wangu akinikinga kwa mwavuli, nami nikajaribu kuiona karakana iliyokuwa ikitengeneza kengele za umeme, dainamo na winchi, na mwenyewe akiwa amechoka, afya mbaya, amejinunulia gari kuukuu la Kifaransa aina ya Decauville.

Hapo ndipo ninapomwelewa Royce. Gari lile halikuwa baya kuliko mengine ya zama hizo. Watu wengine wangelipanda, wangelisukuma likizima, wangelilalamikia, wangelizoea. Yeye alilifungua. Alitoa kipande baada ya kipande, akauliza kila kimoja kwa nini kinapiga kelele, kwa nini kinavuja, kwa nini kinalegea. Kisha akatengeneza lake, la silinda mbili na nguvu za farasi 10, akifuata mpangilio uleule lakini kila kiungo kimefikiriwa upya. Tarehe 1 Aprili 1904 alilitoa karakanani na kuliendesha mpaka nyumbani kwake Knutsford, kama kilomita 24. Mwezi mmoja na siku chache baadaye, Rolls, ambaye hakuwa na imani na injini za silinda mbili kwa sababu ya mtetemo wake, alilipanda lile gari na kunyamaza. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wamekubaliana: Royce atengeneze, Rolls auze.

Wakati wa kutoka Hulme, mpwa wangu aliniuliza, "Sasa Mjomba, hilo gari la silinda mbili ndilo lililowapa jina?" Nikamwambia hapana. Jina lilikuja na silinda sita, na silinda sita ndizo zilizowatesa.

Nilimweleza ndani ya treni ya kwenda Derby, na sina budi kueleza hapa pia, maana bila hilo mengine yote ni rangi na ngozi. Ndani ya injini kuna krenkshafti, ule mhimili wa chuma uliokunjwa-kunjwa, unaopokea kipigo cha kila pistoni na kukigeuza kuwa mzunguko. Krenkshafti ya silinda mbili ni fupi, ngumu kama mchi. Ya silinda sita ni ndefu, na chuma kikiwa kirefu kinapindika. Wafikirie akina mama wawili wanaokamua shuka: mmoja anazungusha huku, mwingine amekaza kule, shuka inajinyonga katikati. Chuma nacho hujinyonga hivyo hivyo, kidogo sana, jicho halioni, kisha kinajirudisha. Kila silinda inapolipuka kinajinyonga tena. Kwa mwendo mwingi hakuna neno. Lakini kuna mwendo mmoja ambao vipigo vinakuja sawasawa na namna chuma chenyewe kinavyopenda kucheza, kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kila anaporudi. Hapo mnyongo unaongezeka, unaongezeka, injini inaanza kunguruma vibaya, na siku moja, bila mzigo mkubwa wala mlima mkali, krenkshafti inakatika vipande viwili.

Ndivyo ilivyowatokea. Gari lao la kwanza la silinda sita, la nguvu za farasi 30, lilivunja krenkshafti. Kampuni ya Napier ya London, iliyotangulia kuuza silinda sita, nayo ilikuwa na ngurumo hiyo, na wauzaji wake walijitahidi kuwashawishi wateja kuwa ni sauti ya nguvu. Royce hakutafuta jina zuri la kuipa kelele. Alirudi kwenye meza ya kuchorea. Badala ya silinda mbilimbili mara tatu, akapanga silinda tatutatu mara mbili, nusu ya mbele na nusu ya nyuma zikitazamana kama mtu na kioo. Akaufanya mhimili kuwa mnene kuliko ilivyokuwa desturi, akaushikilia kwa beringi 7. Akatoboa njia ndani ya chuma chenyewe ili pampu isukume oili mpaka kwenye kila beringi, badala ya kutegemea oili irushwe-rushwe na kujidondokea. Kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni vikawa sawa, inchi 4.5 kwa 4.5, hivyo krenki haikuhitaji mikono mirefu. Baadaye ikaja diski kwenye ncha ya mbele ya krenkshafti, imebanwa kwa msuguano: mhimili ukitaka kucheza, diski inateleza kidogo na kuula ule mchezo. Mhandisi mwingine, Frederick Lanchester wa Birmingham, naye aliifikia njia ya namna hiyo.

Mpwa wangu alisikiliza mpaka mwisho, akatazama nje, kondoo na kuta za mawe zikipita. Akasema, "Basi langu lina mtetemo kwenye mwendo mmoja tu. Ukivuka pale unapotea. Nilidhani ni viti."

Injini hiyo mpya ya lita 7 ndiyo ya gari lililoitwa 40/50, lililooneshwa Olympia, London, Novemba 1906. Msomaji aliyezoea kuona magari ya kifahari ya leo inafaa akumbuke jambo moja: kampuni haikuuza gari zima. Iliuza chesisi, yaani fremu, injini, gia, springi, usukani na magurudumu. Viti vya ngozi, milango, mbao za kung'aa na taa vilikuwa kazi ya mafundi wengine ambao mteja aliwachagua mwenyewe. Kwa hiyo ufahari ambao Royce aliusimamia ni ule usioonekana. Kuna mafundi wa zama zile waliounga fremu kwa ribiti kwa sababu ni haraka. Yeye alitaka bolti zilizochongwa zikawa nyembamba upande mmoja, na tundu la kila bolti lisuguliwe kwa mkono mpaka liingie bila nafasi hata ya unywele. Ribiti hulegea kwa mtikisiko, na ikilegea fremu huanza kulia. Mteja aliyekaa juu ya mto wa ngozi hakujua kuwa utulivu wake umeshikwa na bolti hizo.

Derby haikutuchukua muda mrefu. Kiwanda kilihamia huko kutoka Manchester na kufunguliwa rasmi tarehe 9 Julai 1908. Mji ulikuwa umewavuta kwa ahadi ya umeme wa bei nafuu. Jengo la mbele la Nightingale Road bado limesimama, refu, lenye madirisha mengi, na nyuma yake sehemu kubwa ya karakana imeondolewa na nyumba za watu zimeota. Nilipiga picha moja. Nilichokuwa nakitafuta pale ni mashine ambayo haipo tena: ya kuligonga gari. Walilifunga gari juu ya magurudumu ya chuma yenye vinundu, wakayazungusha kwa nguvu, na gari likarukaruka papo hapo kama linakwenda kasi kwenye barabara iliyochimbika, saa baada ya saa, bila kusogea hata hatua. Springi ya kuvunjika ivunjike hapa. Fremu ya kupasuka ipasuke mbele ya fundi aliyeichora, badala ya mbele ya familia usiku njiani. Nimeendesha kutoka Makambako kwenda Njombe kabla ya lami. Ningetamani kila aliyewahi kuniuzia gari angekuwa amepita kwenye mashine ile.

Kwenye Makumbusho ya Ufundi ya Derby, lango lenyewe linapita chini ya injini nzima ya ndege, Trent 1000, imening'inizwa hewani kama nyangumi. Injini za aina hiyo ndizo zinazobeba Dreamliner za Air Tanzania. Mpwa wangu alisimama chini yake, kichwa nyuma, mdomo wazi, na watoto wa shule wakampita pande zote mbili kama maji yanavyopita jiwe.

Usiku ule, kwenye chumba cha kupanga chenye kitanda kimoja na godoro sakafuni, nilimsimulia habari za mwaka 1907. Hizo ndizo nilizokuwa nimezibeba tangu utotoni, tangu nilipoziona kwenye gazeti kuukuu ambalo Baba alifungia misumari.

Meneja wa kampuni aliitwa Claude Johnson. Kabla ya hapo alikuwa katibu wa kwanza wa klabu ya magari ya Uingereza, na mwaka 1900 alikuwa ameandaa safari ya majaribio ya maili 1,000, London mpaka Edinburgh na kurudi, ili kuwathibitishia watu waliokuwa bado wanacheka kuwa gari linaweza kusafiri. Rolls alishiriki akiwa na gari la Panhard. Johnson alijua basi kwamba maneno ya tangazo hayamwamshi mtu, safari ndiyo inayomwamsha. Mwaka 1907 alichukua chesisi namba 60551, akailetea bodi iliyo wazi iliyotengenezwa na Barker, akaipaka rangi ya fedha, vitasa na taa vikapakwa fedha yenyewe, akaipa jina la Silver Ghost, mzuka wa fedha, kwa vile ilivyopita kimya. Namba yake ya barabarani ilikuwa AX 201.

Kisha hakuliweka dirishani. Alilikabidhi kwa klabu. Waangalizi wa klabu walipanda ndani na daftari, wakaandika kila kilichofanywa. Gari likaenda kwenye majaribio ya Scotland, kwenye milima na njia za changarawe, likashinda. Watu wengine wangepokea medali na kurudi nyumbani. Wao waliendelea. London mpaka Glasgow, Glasgow mpaka London, mara 27, madereva wakipokezana: Johnson mwenyewe, Rolls, Platford na Macready. Jumapili gari lilipumzika. Siku nyingine zote lilikuwa barabarani, na barabara zenyewe hazikuwa na lami kama tuijuavyo; vumbi kiangazi, tope mvua ikinyesha, kwato na misumari ya viatu vya farasi kila mahali. Matairi yalitobolewa na kubadilishwa, na kubadilisha tairi hakukuhesabiwa. Kilichohesabiwa ni kusimama kwa sababu ya ubovu wa gari.

Lilisimama mara moja. Maili 629 kutoka mwanzo, mtikisiko uliifunga koki ya petroli. Mtu akashuka, akaifungua, dakika moja ikapita, wakaondoka. Baada ya hapo lilikwenda maili 14,371 bila kusimama kwa ubovu, zaidi ya kilomita 23,000, mpaka hesabu ilipotimia maili 15,000 mwezi Agosti.

Nilipokuwa mdogo niliona hapo ndipo ushindi ulipo. Sasa naona ulikuwa hatua iliyofuata. Waliliingiza gari karakanani na kuwaomba waangalizi walifungue. Silinda, pistoni, beringi, gia, kila kitu kiliwekwa mezani na kupimwa kwa maikromita, kulinganishwa na vipimo vya upya. Fikiria ujasiri wa jambo hilo. Umeshashinda, dunia inakupigia makofi, nawe unasema: haya, njooni mtafute nilipolika. Injini haikuonesha kulika kwa kupimika. Waliona pini za magurudumu ya mbele zimelegea kidogo, ncha ya fimbo ya usukani, kiungo cha kuzungushia magneto, mkanda wa feni; pampu ya maji ilitaka kupakiwa upya, valvu kusagwa. Gharama ya kulirudisha gari kwenye hali ya upya iliandikwa mpaka senti ya mwisho: pauni 2, shilingi 2 na peni 7.

"Mpaka peni?" aliuliza mpwa wangu gizani.

"Mpaka peni."

Asubuhi tulichukua treni ya London, kisha nyingine mpaka Weybridge, tukatembea kutoka stesheni. Brooklands ilifunguliwa mwaka huohuo wa 1907, uwanja wa kwanza duniani uliojengwa makusudi kwa mbio za magari, zege tupu, mzunguko wa maili 2.75. Kona zake zimeinuliwa kama ukuta wa bakuli, karibu mita 9 kwa juu. Kipande kikubwa cha ukuta huo kipo bado, miti imekiinamia na magugu yametoka kwenye maungio. Nilijaribu kupanda mpaka ukingoni, soli zikateleza. Kusimama tu ni kazi, sembuse kuendesha.

Kabla hata mbio za kwanza hazijafanyika, usiku wa kuamkia tarehe 29 Juni 1907, Selwyn Edge wa Napier aliendesha hapa kwa saa 24 bila kupokezana usukani na mtu, njia ikioneshwa na taa zilizopangwa gizani, akamaliza maili 1,581. Majirani hawakulala, na malalamiko yao yakasababisha kuendesha usiku kupigwa marufuku. Napier na watu wa Derby waliendelea kuwindana. Mwaka 1911 Napier ilikwenda London mpaka Edinburgh kwa gia ya juu peke yake, ikatumia galoni moja kwa maili 19.35, kisha ikaja Brooklands kupimwa kasi, maili 76.42 kwa saa. Derby wakamleta Ernest Hives, kijana wa idara ya majaribio, akafanya safari ileile kwa gia ileile: maili 24.32 kwa galoni, na hapa kwenye zege hili maili 78.26 kwa saa, yaani kilomita 126. Kwa gia ya juu kuondoka, kupita mijini nyuma ya mikokoteni, kupanda vilima, bila kugusa nyingine. Aliyewahi kuendesha gari zito anajua injini inahitaji utulivu gani ili ikubali kuvuta taratibu namna hiyo bila kutetema na kuzima.

Na bado mlima uliwaumbua. Mwaka 1912 tajiri mmoja, James Radley, alilipeleka 40/50 lake kwenye majaribio ya milima ya Alps ya Austria. Kampuni ilikuwa imeshaondoa giaboksi ya gia nne na kuweka ya gia tatu, kwa kuamini injini ina nguvu za kutosha. Kwenye mpando wa Katschberg gia ya kwanza ikawa haishuki chini vya kutosha. Gari bora la dunia, kama lilivyotangazwa, likasimama, na abiria wakalazimika kushuka ili liweze kuondoka. Derby hawakulaumu petroli wala dereva. Walirudi na gia nne, wakaboresha upozaji wa injini, na mwaka 1913 wakapeleka timu ya magari matatu, Radley naye akaja na lake. Safari hiyo yalipanda kiasi cha kuwaacha wengine wakisimulia. Kwangu Katschberg ina thamani kuliko zile maili 15,000. Zile walizichagua wenyewe. Hii iliwachagua.

Kuna mlima mwingine ambao hakuna aliyeuchagua. Miaka kadhaa nyuma nilipita Taveta, nikaoneshwa kilima cha Salaita, kidogo, kikavu, miiba kila upande. Februari 1916 Waingereza walikishambulia na kurudishwa nyuma, na kati ya vyombo vyao yalikuwepo magari ya deraya ya Rolls-Royce: chesisi ileile ya 40/50, krenkshafti ileile ya beringi 7, juu yake tani za bamba la chuma na bunduki ya rasharasha. Kiswahili chetu kina neno kifaru kwa chombo cha vita cha chuma, na nikiwa pale niliona linavyostahili nchi ile. Lakini mvua zilipoanza mwaka ule, magari ya kila aina yalizama kwenye tope, na mzigo wa vita ukabebwa vichwani na watu wetu, wapagazi waliokufa kwa maelfu kwa maelfu kwa njaa, kuhara na homa. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi chao. Chuma cha magari yale kilikuwa kimepimwa uchovu wake mapema. Wapagazi hakuna aliyewapima. Nilikuwa nalifikiri jambo hilo nikiwa nimechuchumaa kwenye zege la Weybridge, ndiyo maana mpwa wangu aliniona nimechelewa.

Siku ile wenye magari ya kale waliruhusiwa kupanda Kilima cha Majaribio. Yalipita ya kila namna, mengine yakipiga mayowe, mengine yakitoa moshi wa samawati. Kisha likaja refu, la kijani iliyokolea, radieta yenye umbo la paa la hekalu. 40/50. Lilipita mbele yetu kwenye ule mwinuko wa moja kwa nne, na nilisikia changarawe zikisagika chini ya matairi yake kabla sijasikia injini.

Lilipoteremka tulilifuata. Mwenyewe ni mzee mrefu, mikono ya mtu anayejitengenezea gari lake. Alipoona tumesimama kwa adabu, injini akaiacha ikizunguka, akaniomba sarafu. Nikampa ya shilingi 200. Akaitazama pande zote mbili, Karume na simba, kisha akaisimamisha kwa ukingo wake juu ya kifuniko cha radieta na kuondoa vidole. Sarafu ikasimama. Maji ya moto yalikuwa chini yake, silinda sita zikilipuka, na Karume ametulia.

Mpwa wangu alitoa simu, akarekodi sauti kwa nusu dakika karibu na boneti, akaituma Iringa. "Shikamoo Babu. Sikiliza gari hili, lina miaka zaidi ya 100."

Jibu lilikuja tukiwa bado tunaongea na yule mzee. Baba ana miaka 81 sasa, macho hayaoni vizuri, lakini sauti yake kwenye simu ilikuwa ileile ya ukingoni mwa Kitonga. "Marahaba mjukuu wangu. Injini nzuri sana hiyo, aliyeifunga ana mkono. Ila kwa nyuma kuna tapeti moja inagonga, kidogo, kama saa ya mkononi. Mwambie mwenye gari aipime kabla haijawa kubwa."

Nilisita kumtafsiria. Mpwa wangu hakusita. Yule mzee alimtazama, akaitazama simu, akainamisha kichwa upande wa injini akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaniomba nimshikie sarafu yangu, akazima injini, akavua koti, akaenda nyuma ya gari kuchukua spana na bamba za kupimia nafasi.